Kuamka Gizani Ngara na Biharamulo: Vidokezo vya Kuvaa

Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda Ngara kwa mara ya kwanza hufungasha kama anakwenda Morogoro: fulana tatu, jinzi moja na kandambili. Ramani inamwambia ikweta haiko mbali, basi sweta la nini? Jibu analipata saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, akiwa amesimama kituoni amejikunyata, huku wenyeji wanampita wamevaa makoti mazito na mizula iliyofunika hadi masikio.

Sababu yenyewe si ya kutafuta. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na vilima vya Ngara vinapanda mamia ya mita zaidi ya hapo. Kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Ongeza mbingu za kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, zisizo na wingu la kuzuia joto la ardhi lisipae usiku kucha. Hewa baridi nayo ni nzito, hivyo huteremka na kutuama mabondeni. Ndiyo maana aliyelala bondeni pengine hutetemeka kuliko jirani yake wa kilimani.

Vidokezo hivi ni vya wanaoamka kabla ya jua kisha wakalazimika kutulia mahali pamoja: mpiga picha anayesubiri wanyama, askari wa wanyamapori, mrina asali, mlinzi wa usiku. Bodaboda nimemwongeza kwa sababu baridi yake ni ya aina ya peke yake. Wanaoijua vizuri shida hii ni wawindaji wa upinde wa Marekani na Kanada. Mshale unamtaka mnyama asogee hadi mita 20 au 30, kwa hiyo mtu anakaa juu ya mti saa tatu au nne bila kutikisa hata mguu, wakati mwingine theluji ikimwangukia. Tunaazima mavazi yao. Upinde wao hatuuhitaji.

1. Upinde uache nyumbani

Tulimalize hili mapema. Mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707, chini ya TANAPA. Katika pori la akiba uwindaji wa kibali unawezekana kisheria. Ndani ya hifadhi ya taifa hauruhusiwi, uwe wa bunduki, wa mtego au wa mshale. Nje ya hifadhi nako kuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, na hiyo haijali kwamba babu yako alikuwa fundi wa mishale. Nenda na kamera au darubini. Baridi utakayokutana nayo ni ileile.

2. Vaa kwa ajili ya kukaa

Kosa linalowaumiza wengi ni hili: mtu anatoka nyumbani amevaa kila alichonacho, anapanda kilima kwa nusu saa, anafika juu mgongo umelowa jasho. Anakaa kusubiri. Dakika kumi baadaye lile jasho linageuka adui, maana maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa kavu. Fulana iliyolowa chini ya koti zuri inakugandisha vizuri tu, na koti linabaki kushangaa.

Kwa hiyo fanya kinyume. Ukianza kutembea, vaa kidogo kiasi cha kuhisi kibaridi kwa dakika tano za mwanzo. Koti na sweta viwe ndani ya begi. Panda taratibu, hata kama wenzako wanakuacha. Ukifika unapokaa, subiri pumzi ishuke, jifute kifua na mgongo kwa kitambaa kikavu, badili fulana ya ndani kama umebeba nyingine, ndipo uvae koti. Usisubiri hadi uanze kutetemeka, kwa sababu nguo haina joto lake yenyewe. Inachofanya ni kukutunzia lile ulilo nalo, na ukilipoteza utalitafuta hadi saa tatu asubuhi.

3. Nguo tatu nyembamba hushinda koti moja zito

Kinachokupa joto ni hewa iliyonaswa kati ya nguo na nguo. Ya kwanza, inayogusa ngozi, isiwe pamba. Pamba hunywa jasho na hukawia kukauka. Hapa ile jezi yako ya mpira inapata kazi ya heshima: kitambaa chake cha poliesta hupitisha jasho na kukauka haraka. Iwe ya Simba au ya Yanga, kwenye suala hili hazina upinzani.

Ya pili ni ya joto: sweta la sufu, au lile jaketi laini lenye manyoya mafupi ndani na nje. Ya tatu ni ya kuzuia upepo, na si lazima iwe nene. Koti jepesi la mvua linatosha. Mtu mwenye vitu hivi vitatu anaweza kuvua na kuvaa kadiri asubuhi inavyobadilika. Mwenye koti moja kubwa ana mambo mawili tu, kutokwa jasho au kutetemeka.

Zisibane. Sweta mbili zilizobanana zinaifinya ile hewa, unakuwa umebeba uzito bure.

4. Mtumba ndiyo duka lako, lakini nunua kwa vidole

Nguo nyingi za baridi kwenye minada na masoko yetu zimetoka nchi zenye baridi kali, hivyo kwa bei ya fulana mpya unaweza kuondoka na koti lililoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji. Nenda mapema fundo linapofunguliwa, kabla wenye jicho hawajapita.

Usiangalie rangi kwanza. Shika kitambaa kwa kidole gumba na cha shahada, kikunje, kiachie. Sufu nzuri hujinyoosha yenyewe. Tazama kwapani na kwenye mshono wa shingo, ndiko nguo inakozeekea. Pandisha zipu juu na chini mara tatu ukiwa umevaa, kwani zipu inayokwama sokoni itakutesa zaidi gizani ukiwa na vidole vilivyokufa ganzi. Nyoosha mikono mbele kama umeshika usukani wa pikipiki: mikono ya koti ikirudi hadi kwenye kiwiko, liache. Kama ni koti la upepo, weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu. Pumzi ikitokea upande wa pili, upepo nao utapita.

Hujui kama ni sufu? Mwombe muuzaji uzi mmoja uliochomoza kwenye pindo, uuchome mbali na nguo zake. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika. Poliesta huyeyuka ikawa kishanga kigumu. Pamba huungua kama karatasi. Muuzaji akikuambia, "Mwanangu, we nunua tu, hiyo ni sufu tupu," mpe heshima yake, kisha choma uzi.

Makoti yaliyojazwa manyoya ya bata ni mepesi na yana joto la ajabu, ila yakilowa yanashikana na joto lote linakwisha. Yafaa kiangazi, msimu wa mvua kaa na sufu, ambayo hata ikiwa na unyevu bado inakutunza.

5. Rangi na madoa

Wawindaji wa ng'ambo hupenda nguo za madoadoa zinazofanana na majani. Makoti hayo huingia kwenye mitumba, na kijana akiliona anaona amepata. Asilinunue. Nguo inayofanana na sare ya jeshi ni kesi kwa raia wa Tanzania. Mwaka 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye mavazi ya aina hiyo kuyasalimisha. Na hapa tunazungumzia Ngara, wilaya inayopakana na Rwanda na Burundi, yenye vituo vya Rusumo na Kabanga. Sidhani kama kuna mahali pabaya zaidi pa kukutwa kichakani saa kumi na mbili asubuhi umevaa madoadoa.

Epuka pia bluu iliyokolea na nyeusi, kwa sababu nyingine kabisa: mbung'o. Wanazipenda rangi hizo kiasi kwamba mitego ya kuwanasa hutengenezwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Wanauma kupitia nguo nyembamba, na wengine hubeba vimelea vya malale. Alfajiri ya baridi wanatulia, lakini jua likipanda wewe bado umekaa na koti lako la bluu, nao ndio wanaamka. Kaki, kahawia isiyokolea, kijani cha majani makavu: hizo ndizo rangi za pori.

6. Bodaboda, upepo unauzalisha mwenyewe

Kwenye nyuzi 10, ukiendesha kilomita 60 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapata baridi kama ya nyuzi 5. Ndiyo maana wazoefu wa kijiweni huvaa jaketi kinyumenyume, zipu ikiwa mgongoni, ili kifua kipate kitambaa kizima kisicho na upenyo. Anayecheka hajawahi kushuka mteremko wa kwenda Rusumo alfajiri.

Ukikosa jaketi la upepo, kuna dawa ya bei ya gazeti. Kunja gazeti la jana kurasa kadhaa, liweke kifuani kati ya sweta na shati. Waendesha baiskeli wa mashindano ya Tour de France walifanya hivyo kwa miaka mingi wakifika kileleni, kabla ya kuteremka milima. Karatasi huzuia upepo na hunyonya unyevu. Ukifika mwisho wa safari unaitoa na kusoma michezo.

Magoti yanasahaulika, na ndiyo yanayolalamika uzeeni. Vaa suruali mbili, ya ndani ikiwa ya traki. Vaa glovu, hata za kufumwa, kwa sababu vidole vilivyoganda vinachelewa kushika breki. Na abiria wako amekaa bila kazi yoyote ya kumpasha joto. Kama ni mama mwenye mtoto mgongoni, mkumbushe amfunike mtoto kichwa na miguu, pua ikiwa wazi. Reflekta ivaliwe juu ya vyote hivyo, sio ndani ya koti.

7. Umande

Mvua haijanyesha wiki sita, lakini ukipita kwenye nyasi ndefu alfajiri unatoka umelowa hadi mapajani. Jinzi ndiyo mbaya kuliko zote, inakaa na maji hadi mchana. Gambuti inatatua sehemu kubwa ya tatizo, mradi isiwe saizi yako kamili: chukua inayokuachia nafasi ya soksi nene na ya kuchezesha vidole. Soksi mbili zilizobanwa ndani ya kiatu kidogo zinazuia damu, na mguu usio na damu hauna joto. Beba jozi kavu mfukoni.

Zamani watu walivaa mifuko ya plastiki juu ya soksi. Mifuko hiyo imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na kusema kweli ilikuwa inachemsha mguu kwa jasho lake wenyewe.

Halafu usikae chini moja kwa moja. Ardhi na jiwe vinanyonya joto kupitia makalio kuliko unavyodhani. Kalia fungu la majani makavu ya migomba au kipande cha godoro kilichofungwa ndani ya kiroba. Ukiwa umesimama, simama juu ya ubao au nyasi.

8. Kichwa, shingo, viganja

Yale maneno kwamba nusu ya joto la mwili hutokea kichwani si kweli. Kichwa ni kama sehemu moja ya kumi ya mwili na kinapoteza joto kwa kiasi hichohicho. Mzula uvae hata hivyo, kwa kuwa masikio yanauma. Shingoni skafu, au kanga iliyokunjwa, inafunga mlango ambao joto la kifuani hupandia. Viganja vikikosa glovu viweke kwapani.

9. Mrina asali ana masharti yake

Asali kwetu hurinwa jioni au usiku, nyuki wakiwa wamepoa, na hapo ndipo baridi nayo inapoingia. Tatizo ni kwamba sweta zuri la sufu lenye rangi nyeusi kwa nyuki linafanana na mnyama mwenye manyoya aliyekuja kuiba. Hushambulia vitu vyeusi na vyenye manyoya kabla ya vyeupe na laini. Kwa hiyo sufu ikae ndani kabisa, na juu yake ovaroli nyeupe au ya rangi ya maziwa, ya kitambaa kisicho na nywele, iliyofungwa vifundoni na mikononi. Sweta lililonuka jasho la wiki nzima libaki nyumbani pia. Ukitoka mzingani usivue ovaroli kwa haraka eti ukaote moto. Tembea kwanza, nyuki walioshikilia wadondoke.

10. Chai kabla ya koti

Mwili hutengeneza joto kwa chakula. Uji mzito, kiporo cha ndizi na maharage, karanga mfukoni, chai ya tangawizi yenye sukari kwenye chupa: hivyo vinafanya kazi kubwa kuliko sweta la pili. Kunywa maji hata kama huhisi kiu.

Pombe ni hadithi nyingine. Rubisi au kile kichupa kidogo cha pombe kali kinafungua mishipa ya ngozi, damu ya moto inapanda juu, unajisikia vizuri, na wakati huohuo joto la ndani linakimbia. Inywe ukisharudi nyumbani ukafunga mlango.

11. Jiko la mkaa lisilale na wewe

Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa kuwa hiki ndicho kidokezo kinachookoa maisha. Usiku wa baridi watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha na kulala. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, haikuchomi macho kama moshi. Inaichukua nafasi ya oksijeni kwenye damu; kichwa kinauma kidogo, usingizi unakuwa mzito, na familia nzima haiamki. Mkaa uliokoza, ule mwekundu usio na moshi, ndio unaodanganya zaidi, kwa sababu unaonekana salama.

Ota moto nje, au mlango ukiwa wazi, kisha toa jiko kabla ya kupanda kitandani. Ukitaka joto la kulalia, jaza maji ya moto kwenye chupa imara, ifunge vizuri, izungushie taulo na uiweke miguuni chini ya blanketi. Walinzi, hili linawahusu hata kwenye kibanda cha bati: kibanda kilichozibwa kwa turubai ni chumba.

12. Usijikinge pangoni

Upepo ukizidi, jifiche nyuma ya kichuguu, mti mkubwa au ukingo wa kilima. Mapango yaache. Popo wanaokula matunda hukaa humo, na hao ndio wanaojulikana kubeba kirusi cha Marburg. Januari 2025 ugonjwa huo ulitangazwa Biharamulo, ukaisha rasmi mwezi Machi mwaka uleule. Kagera ilikuwa imeshaupata mwaka 2023, upande wa Bukoba.

13. Jua unatetemeka kwa sababu gani

Baridi inaweza kuumiza mtu hata kwenye nyuzi 10, akiwa amelowa na upepo unavuma. Dalili zake: vidole vinashindwa kufunga kifungo, maneno yanaburuta, mtu anajikwaa na kusema ajabu ajabu. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo zilizolowa, mfunike kwa blanketi kavu, mpe chai tamu ya vuguvugu kama anaweza kumeza. Usimsugue kwa nguvu wala kumpa pombe. Akiacha kutetemeka huku bado ni wa baridi na amelegea, hali imezidi kuwa mbaya: mkimbize hospitali, Murgwanza, Rulenge au iliyo karibu.

Lakini kama umevaa vizuri, ni mkavu, jua limetoka na bado unatetemeka, huku kichwa kinagonga na viungo vinauma, hiyo si baridi ya Ngara. Kagera ni mkoa wenye malaria, na wengi huchelewa kwa kudhani ni upepo wa asubuhi tu. Sweta la nne halitasaidia. Nenda zahanati ukapime kabla ya kununua dawa yoyote. Majibu ya kipimo cha haraka hutoka ndani ya nusu saa.